Bi Mstari na Vitu vya Moto

Baada ya kukohoa na kurekebisha kola, tunauarifu umma kwamba Bi Mstari, mnyoosha nguo mstaafu wa hospitali kuu, mjane, mama wa binti mmoja na mama mkwe wa mwalimu wa udereva, hajapata kukaa chini kwa dakika kumi mfululizo tangu alipojua kusimama. Habari hii imethibitishwa na bintiye, na mkwewe, na stuli ya jikoni ambayo kwa miaka minne haijakaliwa mpaka ikapata joto. Mwenye pingamizi alete ushahidi.

Miaka thelathini na minne alisimama kwenye meza ya kunyooshea katika chumba cha madobi, chini ya bomba la mvuke lililodondosha tone moja kila ulipohesabu mpaka nane. Kila shuka lililomfunika mgonjwa lilipita mikononi mwake, na kila koti jeupe lililomfanya daktari aonekane anajua anachofanya. Suruali za wakubwa alizitia mstari wa mbele uliosimama wima kiasi kwamba mganga mkuu akipita ukumbini, watu walisema mstari ndio unaokwenda kazini, mwenyewe anausindikiza. Jina lilitokea hapo, likamganda.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye barua yoyote ya ajira. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati wake, wakunga walituma mtu mbio: mashuka madogo, ya joto. Bi Mstari aliyapitishia pasi, akayakunja mara nne, kisha akaligusisha kunjo la ndani kwenye kope ya jicho lake. Mkono wa dobi umeshakufa ganzi, alisema, unakubali kila kitu, kope haidanganyi. Kope ikisema sawa, shuka linakwenda. Kope ikikataa, hata daktari bingwa angoje.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti kilichokosewa jina. Cheti alikipiga pasi, akakitundika. Saa aliitundika pembeni yake, ikasimama mwezi wa pili, naye akasema angalau kuna mmoja wetu aliyestaafu kweli.

Akahamia kwa bintiye. Tatizo ni kwamba binti hakuwepo. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni katika mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, na mtaa mzima ulimwita Meneja, ingawa sehemu kubwa ya umeneja wake ilikuwa kutafuta funguo walizoondoka nazo wageni. Nyumbani alifika mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni, na Jumapili mchana alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo ndani ya nyumba walibaki watu wawili: Bi Mstari na mkwewe.

Mkwe huyo wanafunzi wake walimwita Klachi. Gari la kufundishia lina pedali upande wa mwalimu pia, na miaka kumi na moja ya kuokoa maisha yake mwenyewe ilimwachia Klachi mguu wa kulia usiotulia. Hata mezani, mtu akija na sufuria kwa kasi, unasikia kisigino chake kikigonga sakafu: anafunga breki. Wawili hawa waliishi kwa adabu ya kutisha.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, baba. Shati hilo umelala nalo?"

"Hapana, Mama."

"Basi limelala vibaya lenyewe. Lete."

Mazungumzo ya siku nzima yalikuwa hayo. Klachi alimwogopa mama mkwe kwa namna mtu anavyoogopa kabati la vyombo vya udongo: si kwamba litamdhuru, ila asije akaligusa. Bi Mstari naye alimstahi Klachi mpaka alikohoa kabla ya kuingia sebuleni mwao wenyewe.

Ndipo Meneja akachukua likizo ya mwezi mmoja bila malipo, akafika na mayai themanini na manane na sanduku la kutotolea. Sanduku lilikuwa ganda la friji lililokufa, ndani limetiwa taa mbili za kutoa joto, kifeni cha kompyuta cha kuzungusha hewa, kipimajoto, na kidude cha kuzima na kuwasha taa ili joto lisipite wala kupungua. Mlango ulikatwa kidirisha cha kioo. Mayai ya kuku yanataka siku ishirini na moja humo.

"Yakitotoka vizuri," Meneja alitangaza, "nawarudishia watu funguo zao, nakaa hapa nafuga. Yakiharibika, Jumatatu ya mwisho wa mwezi napanda basi."

Klachi aliyatazama mayai kama mtu anayemtazama hakimu. Bi Mstari aliyatazama pia. Wote wawili waliona miaka mingine minne ya "Mama, umeamkaje" ikiwasogelea, na mguu wa Klachi ukafunga breki.

Siku ya kumi na mbili ya mayai, transfoma ya mtaa ililia kama mtu aliyekumbuka kitu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Watu wa umeme walifika watatu, wakaitazama kwa huzuni, wakasema kesho. Kesho ya watu wa umeme unaiona, unaiendea, nayo inasogea mbele kwa hatua zile zile zako.

Klachi hakusubiri kesho. Juu ya kabati alikuwa na inveta, kasha la bati lenye soketi mbili, la kugeuza moto wa betri ya gari uwe moto wa nyumba. Alilinunua zamani ili atazame mpira, na mpaka siku hiyo halikuwa limefanya jambo lolote la maana. Akatafuta betri ya pili, akapanga hivi: betri moja ndani ya gari la kufundishia, nyingine chini ya meza ya sebuleni ikilisha sanduku kupitia inveta. Saa saba mchana na saa moja jioni anakuja na spana namba kumi, anazibadilisha. Iliyochoka inarudi garini ikashibe, iliyoshiba inaingia kwenye mayai.

Betri ya gari hushiba gari likitembea. Wanafunzi wa Klachi hawakujua, lakini juma lile walikuwa wakiatamia. Mmoja wao, mkuu wa shule mstaafu aliyeamua kujifunza gari uzeeni, alifika mahali akauliza.

"Mwalimu, uwanja huu tumeuzunguka mara kumi na nne."

"Ndiyo, mzee."

"Tunatafuta nini?"

"Uzoefu."

Mzee akatafakari. "Na mbona kila tukisimama unaniambia nisizime injini?"

"Uzoefu hautaki kukatwa katikati, mzee."

Nyumbani sanduku lilikaa kwenye nyuzijoto thelathini na saba na nusu kama askari wa zamu. Ambaye hakukaa ni Bi Mstari. Umeme ulipokatika, pasi yake ilikatika nao. Siku ya kwanza alikunja nguo. Siku ya pili alizikunjua, akazikunja upya kwa mtindo wa wodi ya upasuaji. Siku ya tatu alilaza suruali chini ya godoro, akapanda juu, akashuka, akapanda. Alinyoosha mapazia kwa viganja. Alinyoosha kitambaa cha meza huku watu wanakula juu yake. Alitoka jikoni kwenda sebuleni, akasimama, akasahau alichofuata, akarudi jikoni kukikumbuka.

"Mama, pumzika basi," Meneja alimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Si mimi, ni mikono. Inaniuliza."

"Inakuuliza nini?"

"Kama tumefukuzwa kazi."

Jirani alijitolea kumwazima pasi ya mkaa. Bi Mstari alishukuru, akakataa. Pasi ya mkaa, alisema, ni jiko lililopewa mpini. Aliitumia mara moja tu hospitalini, cheche ikaruka, koti la daktari likapata kitundu kifuani mahali ambapo daktari hapaswi kuwa na kitundu. Hakuishika tena.

Klachi, ambaye kazi yake ni kutambua anayetaka kufanya kosa kabla hajalifanya, alianza kumwona mama mkwe akipita karibu na inveta. Anapita, anatazama ile soketi ya pili iliyochomekwa chaja ya simu, anakwenda. Anarudi, anatazama tena. Klachi akapiga hesabu. Inveta ile ilikuwa ndogo. Inabeba taa mbili za mayai na simu. Pasi peke yake inataka mara tatu ya hizo. Pasi ikiingia pale, inveta inakufa, na mayai nyuma yake.

Kumwambia ingekuwa rahisi. Lakini mwanamume aliyelelewa hamwendei mama mkwe akamwambia usiguse. Klachi alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alianza, "Mama, kuhusu ile inveta," akamaliza kwa kuuliza kama chai imetosha sukari. Mara ya pili hakufika hata kwenye inveta. Akaamua kufanya kama anavyofanya kwa wanafunzi: andika bango. Maneno husahaulika, bango linakutazama. Akachukua kibao chekundu cha herufi L kinachofungwa kwenye gari la wanafunzi, akakigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu nzito:

MARUFUKU KUCHOMEKA VITU VYA MOTO

Akachora na fuvu dogo chini. Halafu akalifuta, maana fuvu mbele ya mama mkwe ni utovu wa adabu. Akakibandika ukutani juu ya inveta, akalala usingizi mzuri.

Hapa yafaa tuseme jambo kuhusu lugha yetu hii tamu. Ina maneno ya kutosha kumtukana mtu tangu alfajiri mpaka magharibi bila kurudia, lakini neno moto imelipa kazi za watu sita na mshahara wa mmoja. Ulioko jikoni ni moto, na wa kwenye waya nao ni moto. Betri nzima ina moto, betri mfu haina. Uji una moto, na bingwa wa hesabu darasani ni moto vilevile. Klachi, kama mafundi wote, alipoandika vitu vya moto alimaanisha vile vinavyotengeneza joto, pasi, birika, jiko la koili, vinavyokunywa betri kama ng'ombe aliyetoka safari. Mafundi wanaelewana. Bi Mstari hakuwa fundi wa umeme.

"Mama, umeliona bango?" Meneja alimuuliza asubuhi.

"Nimeliona. Mwandiko umelala chali."

"Lakini umelisoma?"

"Mwanangu, nimepita mbele ya 'Hatari, Mionzi' kila siku miaka thelathini na minne na mikono bado ninayo miwili. Mabango nayaheshimu."

Na aliliheshimu kweli. Hilo ndilo lililotuponza.

Siku ya kumi na nane, Meneja alimaliza kuyageuza mayai, akafunga mlango wa sanduku. "Kuanzia leo hayageuzwi tena, Mama. Tunayaacha mpaka yapasuke." Akaenda kutafuta maranda ya mbao ya kuwatandikia vifaranga. Saa saba Klachi alikuja, akabadilisha betri, akala amesimama, akaondoka. Kwenye kiti aliacha shati lake jeupe lililofuliwa. Kesho yake alikuwa aende kwa mkaguzi kuhuishiwa kibali cha kufundisha.

Nyumba ikabaki na Bi Mstari na shati.

Alilipita mara ya kwanza bila kulitazama. Mara ya pili alilitazama. Lilikuwa na makunyanzi kama ramani ya nchi yenye milima mingi na serikali mbovu. Mara ya tatu alilishika kola. Mtu anakwenda kwa mkaguzi na kola ile, na mkaguzi atauliza huyu anaishi na nani. Alikwenda jikoni. Alirudi. Dakika nne, alijiambia. Shati la mikono mirefu ni dakika nne. La daktari mnene ni tano.

Akasimama mbele ya bango, akalisoma tena, polepole, kwa midomo. Marufuku kuchomeka vitu vya moto. Vizuri. Akavikagua vyote vilivyochomekwa kwa nyuma ya mkono. Chaja ya simu: vuguvugu, inasameheka. Sanduku la mayai: akaweka mkono ubavuni pa friji, akautoa. Moto. Akautia tena kuhakikisha. Moto kabisa. Akaleta pasi kutoka kabatini ilikolala juma zima, akaigusa chini.

Baridi kama jiwe la kisimani.

Alishangaa kidogo kwamba mkwewe aliyeandika bango kwa mkono wake ndiye wa kwanza kulivunja. Vijana huandika sana, aliwaza, ila kusoma hawasomi. Akachomoa sanduku la mayai, kwa utii, akachomeka pasi. Dakika nne tu. Sufuria ya maharage haipoi kwa dakika nne.

Inveta ikapiga kelele ndefu, nyembamba, ikazima. Bi Mstari akachomoa, akasubiri, akachomeka. Ikapiga kelele tena. Hospitalini pia kulikuwa na mashine zenye kulalamika, unazipuuza, zinazoea. Mara ya tatu haikulalamika. Ilitoa mlio mdogo kama karanga inayopasuka, na harufu ya plastiki, na kifeni chake kikapunguza mwendo mpaka kikasimama.

Akachomoa pasi. Akachomeka sanduku. Ndani ya kidirisha hapakuwaka kitu. Akachomoa, akachomeka, akaligonga kasha la bati mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya. Kipimajoto kilisema thelathini na saba. Alikwenda jikoni, akarudi: thelathini na sita na nusu.

Aliizungushia pasi waya wake mara tano, kama alivyofunzwa, akairudisha kabatini. Kisha akawasha jiko la gesi, akaweka maji.

Meneja aliporudi saa tisa na gunia la maranda mgongoni, alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya friji, chupa za maji zimevingirishwa mashuka, anaziingiza moja moja pembeni mwa trei za mayai. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Kipimajoto: thelathini na tatu.

"Mama. Umeme wa sanduku?"

"Nimelichomoa."

"Umelichomoa?" Gunia lilishuka taratibu mpaka chini. "Kwa nini?"

"Lilikuwa na moto. Bango linakataza."

Meneja alilitazama bango. Kisha akacheka kwa namna ambayo mtu hucheka pale kulia kungechukua muda mrefu zaidi. "Basi lirudishe."

"Nimelirudisha. Kile kibati kimegoma."

"Jumatatu napanda basi," Meneja alisema, akaketi juu ya gunia.

"Keti ukimaliza kazi. Lete maji mengine. Yaliyochemka changanya na ya baridi, nusu kwa nusu, halafu niletee nipime." Akaishika chupa ya kwanza, akaigusisha kope. "Kali. Hii itapika. Ongeza baridi." Ya pili. "Hii ya mtoto aliyezaliwa miezi saba. Lete nyingine kama hii."

Klachi alifika saa kumi. Alielezwa kwa maneno machache, akalitazama bango lake, akajitazama mikono iliyoliandika, hakumlaumu mtu. Akafungua inveta kwa bisibisi. Ndani kulikuwa kweusi.

"Haiponi leo," alisema. "Fundi wa kuitengeneza anafungua keshokutwa."

Betri ilikuwepo chini ya meza, imeshiba mizunguko kumi na minne ya mkuu wa shule, haina kazi. Wote watatu waliitazama. Ni jambo la kuudhi, betri iliyoshiba mbele ya sanduku linalokufa. Klachi alianza kutembea. Bi Mstari akatoka magotini, akaanza kutembea upande wa pili. Walipishana katikati ya sebule mara tatu.

"Baba," Bi Mstari alisema walipopishana mara ya nne, "gari lako likifika jioni linaonaje njia?"

"Kwa taa, Mama."

"Taa hizo nazo huomba ruhusa kwenye kile kibati?"

Mguu wa Klachi ulifunga breki mpaka sakafu ikalia. Taa za gari hunywa moto wa betri vile vile ulivyo, bila kugeuzwa. Na taa ya breki ukiishika muda mrefu inakuunguza. Alitoka bila kuaga, na dakika ishirini baadaye akarudi na balbu zote za nyuma za gari la shule ya udereva, nyaya na utepe. Balbu nne akazifunga ndani ya friji moja kwa moja kwenye betri. Kile kifeni cha kompyuta nacho, ilibainika, kilikuwa cha moto wa gari tangu kuzaliwa. Kikazunguka. Ndani ya sanduku la mayai kukawaka mwanga wa foleni ya magari.

Likabaki moja. Kidude cha kuzima na kuwasha kilikuwa cha umeme wa nyumba, kwa balbu hizi hakifai. Kipimajoto kilikuwa kizito, kinakwambia habari za dakika tano zilizopita, kama gazeti. Lazima awepo mtu wa kusikia joto lenyewe linapopanda na linaposhuka.

Na hapa umma unaombwa radhi, maana tangazo letu la mwanzo lina dosari. Bi Mstari alivuta ile stuli ya jikoni, akaiweka mbele ya mlango wa friji, akakaa.

Alikaa karibu siku tatu. Akisinzia alimwachia Meneja saa mbili, akiamka alikuta makosa. Kila baada ya muda alifungua kitundu cha mlango, akasogeza jicho, akafumba, akapokea hewa ya ndani kwenye kope.

"Zima."

Klachi, aliyekaa sakafuni na waya mkononi, akazima.

"Washa mbili."

Akawasha mbili.

"Nimesema mbili."

"Ni mbili, Mama."

"Basi moja imelewa. Igonge."

Klachi akaigonga, ikawaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne walizungumza saa nzima bila kuombana radhi. Jioni ya pili Klachi alifika mahali pa kusema, "Mama, sogea kidogo, unanikanyaga," na Bi Mstari akasogea, na mbingu hazikuanguka. Meneja alikuwa jikoni. Alisikia, akasimama na sufuria mkononi, hakuingia.

Klachi alimwendea mkaguzi na shati la milima. Kibali alipewa. Mkuu wa shule mstaafu alifundishwa siku hizo kutoa mkono dirishani kila anaposimama, akaambiwa ni mbinu ya madereva wa zamani, na akafurahi, maana mbinu za zamani ndizo alizozipenda.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja hapakutokea kitu. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Meneja alikuwa ameshatoa begi la safari chini ya kitanda; hakulifungua, alilipangusa vumbi tu. Saa saba Bi Mstari aliweka kope kwenye kitundu, akaganda hapo.

"Zima feni," alisema.

"Mama, hewa..."

"Zima nisikie."

Klachi akazima. Ndani ya friji kulikuwa na kelele ndogo, kama mtu anayegonga mlango bila uhakika kama ndiyo nyumba yenyewe. Kisha mwingine akagonga. Mpaka magharibi walikuwa kumi na wawili, na kesho yake walipohesabiwa walikuwa sitini na mmoja, wamelowa, wamekasirika, wanakanyagana vichwa. Ishirini na saba hayakupasuka. Meneja aliyatoa mwenyewe, akayafukia nyuma ya nyumba, akarudi, akapiga simu kwenye nyumba ya wageni. Aliwaambia ufunguo wa chumba namba tisa wasiutafute tena, anao yeye, atawatumia kwa basi. Akamaliza kuongea, akalirudisha begi chini ya kitanda.

Watu wa umeme walikuja siku hiyo hiyo, wakaunganisha transfoma, wakapigiwa makofi na watu wazima.

Siku mbili baadaye Klachi alitoka kwa fundi na inveta yake kwenye mfuko wa plastiki. Hotuba alikuwa ameitunga njiani, yote, tangu salamu mpaka hitimisho. Alimkuta Bi Mstari amesimama mezani, umeme umerudi, pasi inapumua mvuke, shati jeupe limelazwa mbele yake limepoteza milima yote isipokuwa mmoja kwenye kwapa. Pembeni Meneja alikuwa ameshika kifaranga kila mkono.

"Mama," Klachi alianza, akaweka mfuko mezani kwa mikono miwili. "Kwanza nikushukuru. Bila kope yako, hapa leo tungekuwa na begi mlangoni. Hilo halina ubishi, na kila nitakapokula yai nitakumbuka. Pili, Mama, naomba unisamehe kwa nitakalosema, kwa sababu mimi ni mtoto wako na sina nia mbaya. Fundi ameifungua hii. Anasema sanduku la mayai haliwezi kuichoma hivi. Anasema, na ameapa, humu kilichomekwa kitu cha moto."

Bi Mstari aliumalizia mlima wa kwapa, akaisimamisha pasi kwa kisigino chake, akamtazama mkwewe.

"Kilikuwa baridi," alisema. "Nilikigusa."